Sikukuu na watoto wadogo Dodoma: tazama juu kabla ya kutazama kalenda

Mwaka juzi, tarehe 26 Desemba, maji yalichukua hotpoti yangu ya pilau. Wenzangu kazini, kwenye kituo cha hali ya hewa, bado wananicheka, maana asubuhi ile zamu ilikuwa yangu na ni mimi niliyeandika daftarini kwamba anga ni safi. Kisha nikaenda na mume wangu na watoto wetu wawili kutandika mkeka kwenye mchanga wa korongo, mto wa msimu uliokuwa mkavu, upande wa Mvumi, chini ya mkwaju. Mkubwa alikuwa na miaka mitano, mdogo bado ananyonya. Mchanga laini, kivuli kizuri, na hakuna tone lililotuangukia siku ile yote. Saa kumi kasoro hivi kijana mmoja mchunga ng'ombe alipita ukingoni akatupigia kelele: "Mama, tokeni, korongo linakuja!" Tukanyakua watoto tukapanda. Tulipogeuka, pale tulipokuwa tumekaa palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi, kandambili ya mtu, na hotpoti yangu.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika uangalizi wa hali ya hewa. Majirani waliohamia Dodoma na ofisi zao huniuliza sikukuu wawapeleke wapi watoto, kwa kuwa mji hauna bahari. Mahali pa kwenda papo. Kinachowaponza ni wakati, kwa sababu tarehe nyekundu za kalenda ya ukutani hazikuwekwa na mtu aliyefikiria jua la huku kwetu Ugogo.

Nianze na korongo, maana hilo linaua. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka mzima, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Hatuna vuli na masika kama watu wa Pwani. Tuna msimu mmoja tu. Mvua hiyo kidogo huja kwa vishindo: jua la asubuhi linapasha ardhi, hewa inapanda, saa nane mawingu yamesimama kama minara, saa kumi yanamwaga. Wingu moja linaweza kunyeshea eneo la kilomita chache tu na wewe uliye kijiji cha pili ukaendelea kuanika dagaa. Sasa piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita arobaini juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni arobaini. Mwanzoni mwa msimu ardhi yetu ni ngumu na haina majani ya kuyazuia, kwa hiyo maji hayanywewi, yanakimbilia korongoni. Ukiwa bondeni utatazama juu yako, uone bluu, uendelee kula.

Kwa hiyo kuanzia Desemba mpaka Aprili familia yetu hutoka asubuhi na saa saba tumerudi. Mchanga wa korongo ni marufuku hata likiwa kavu kiasi gani. Na radi tunaihesabu. Ukiona umeme, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Hizo ndizo kilomita. Mwanangu mkubwa amejifunzia kugawanya hapo. Ikifika sekunde thelathini au pungufu tunaingia ndani ya nyumba au ndani ya gari, na chini ya mbuyu hatukimbilii, hata kama mbuyu umesimama pale tangu enzi za mababu.

Hata hivyo sitaki mtu adhani Desemba ni mwezi wa kujifungia. Mvua za kwanza huleta kumbikumbi. Jioni ya mvua, washa taa moja ya nje, weka beseni la maji chini yake, waachie watoto. Hakuna fataki ya mkesha wa Mwaka Mpya iliyowahi kuwashinda hao wadudu nyumbani kwetu. Asubuhi wanakaangwa, na anayeona kinyaa akajipatie mkate.

Idd ni hesabu nyingine. Mume wangu ni Mrangi wa Kondoa, mimi ni Mgogo wa kanisani, na tulikubaliana tangu uchumba kwamba watoto watakula pilau pande zote mbili. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, hivyo Idd el Fitri hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, mwaka 2025 tarehe 31 Machi. Ifuatishe uone: miaka hii yote inayokuja, mpaka katikati ya miaka ya 2030, itazunguka ndani ya msimu wetu wa mvua. Mwanangu mdogo atafika darasa la tano au la sita bila kuiona Idd el Fitri ya kiangazi. Mama mkwe alishalikubali hilo kabla sijamchorea. Alihamisha majiko chini ya bati la nyuma ya nyumba, na watoto wanaanza mzunguko wa kudai mkono wa Idd kwa majirani mara baada ya swala, kabla mawingu hayajakusanyika. Viatu vipya hubaki mlangoni. Wanapita na ndala, maana udongo wa Kondoa ukilowa unashika kiatu kama mdai.

Ukiniuliza sikukuu yangu mwenyewe, nitakujibu Muungano, tarehe 26 Aprili. Wengi huipitisha wakitazama gwaride kwenye televisheni, wakati nje kuna hali ya hewa bora kuliko siku yoyote ya mwaka. Mvua zimekatika au ziko mkiani, majani yamefika kiunoni, vumbi bado halijazaliwa, na upepo haujaanza ukorofi. Siku tano baadaye inakuja Mei Mosi, kwa hiyo unaweza kuchagua. Mwaka jana tulipanda Mlima Simba, ule mwamba ulio ndani ya mji. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mdogo mgongoni kwa kanga, mkubwa kwa miguu yake. Sheria yangu ya miamba ni moja: mkono hauingii mahali ambapo jicho halijaingia. Nge na nyoka nao wanapenda jiwe lenye joto.

Siku nyingine ya wakati huo huwa tunaenda Hombolo, kwenye bwawa, kutazama ndege na mitumbwi ya wavuvi. Watoto wangu hawaingii majini. Bwawa la maji yaliyotuama ni makazi ya konokono wa kichocho, na mtoto haoni kitu cha kuogopa kwenye maji matulivu. Wanalia kidogo, tunanunua samaki, wanasahau.

Juni na Julai shule zimefungwa na wageni wa Pwani wanashangaa kuwa Dodoma kuna baridi. Tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, na kipupwe hewa yetu ni kavu na usiku hauna mawingu, kwa hiyo joto lote ardhi iliyolipokea mchana linapotea angani kama nyumba isiyo na paa. Alfajiri ya Julai kipimo hushuka mpaka nyuzi 13 au 14. Mtoto mvishe tabaka tabaka, si koti moja zito, kwa sababu saa nne atakuwa anavua. Hiki ndicho kipindi cha safari za mbali. Sisi huenda Kolo, karibu kilomita 180 kaskazini kwenye barabara ya Babati, kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kuna twiga, kuna pofu, kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wote kwa rangi nyekundu. Kupanda kwake kunahitaji mguu, basi nenda na kiongozi, na nenda asubuhi. Ukiwa huko usimwage maji kwenye mwamba ili picha "itokee" vizuri; rangi hiyo imedumu kwa sababu jiwe limeikinga na mvua, halafu wewe unakuja na chupa. Na kwenye Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, Warangi bado wanafanya matambiko, kwa hiyo mtoto aliyezoea kupanda kila kitu mshike mkono.

Wengine huteremka Dar kwa maonyesho ya Sabasaba. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza kwenda Dodoma tarehe 25 Julai 2024 imelifanya hilo liwezekane hata kwa mwenye mtoto wa miaka miwili: nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, walio chini ya hapo bure. Mahandaki ya upande wa Kilosa ndiyo kivutio kwa wangu. Gizani wanapiga kelele behewa zima likageuka. Kumbuka tu kwamba hewa hupata joto kadiri unavyoshuka, kama nyuzi sita na nusu kwa kila kilomita ya kimo. Lile sweta la alfajiri ya Dodoma usilisahau mwilini mwa mtoto mpaka Dar.

Agosti ni Nanenane, maonyesho ya wakulima, na viwanja vyake vya Nzuguni viko karibu na kwetu. Napenda watoto waione: ng'ombe wa kila mbegu, samaki kwenye matangi, alizeti ya Singida, mashine wanazoruhusiwa kukaa juu yake. Ila tarehe nane yenyewe siendi. Kuna msongamano, na kuna vumbi. Kusi, upepo wa kusini-mashariki, huwa umeacha unyevu wake Pwani na kwenye milima ya mashariki, hufika kwetu mkavu. Asubuhi upepo mkali unakuwa juu, chini kumetulia. Jua likishapasha ardhi, hewa inachemka kama uji, na ule upepo wa juu unateremshwa hadi usoni mwa mtoto. Ndipo chamchela zinapoanza kucheza uwanjani zikibeba mifuko. Nenda siku ya katikati ya wiki, ingia geti likifunguliwa, saa tano ondoka. Rudi umnawishe mtoto uso kwa maji safi, macho hasa. Ugonjwa wa macho wa vikope umewasumbua watu wa nchi hii vizazi na vizazi, na vumbi na nzi kwenye uso mchafu si mambo ya mzaha.

Njiani kurudi kuna zabibu. Agosti na Septemba ndio mojawapo ya mavuno mawili ya Dodoma, jingine likiwa Februari na Machi. Za kiangazi naziona tamu zaidi, lakini mume wangu anabisha.

Halafu Oktoba. Nyerere Day, tarehe 14, ndiyo siku ninayopokea simu nyingi za "mtoto amelegea". Joto la Oktoba na Novemba ndilo kubwa kwetu, nyuzi 30 na zaidi mchana, na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla halijaonekana. Mama anampapasa mtoto, anamkuta mkavu, anadhani hatoki jasho. Anatoka, tena sana. Usiangalie ngozi, angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, au akikaa saa nyingi hajakojoa, umechelewa kumpa maji. Jambo la pili, kipimajoto chetu kimewekwa kwenye kibanda cheupe, kivulini, karibu na kimo cha kifua cha mtu mzima. Mwanao wa miaka miwili haishi huko. Pua yake iko jirani na mchanga mtupu, ambao saa nane mchana umepita mbali joto la hewa tunalolitangaza. Kwa hiyo ukisikia nyuzi 31, zako ni 31, zake ongeza.

Mchana wa siku hiyo tuna mchezo mmoja tu wa nje, wa dakika tano. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, basi jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 9 Oktoba na tarehe 5 Machi. Tarehe 14 Oktoba, saa sita na dakika ishirini na tatu hivi, kivuli cha mtoto wa mita moja ni kama sentimita tatu na nusu. Tunatoka na chaki. Mkubwa anasimama wima, mdogo anatafuta kivuli cha kaka yake hakioni, anainama kuchungulia kati ya miguu. Tunachora, tunakimbilia ndani.

Jioni ndiyo sikukuu yenyewe. Mibuyu huanza kuchanua mvua ikikaribia, na ua la mbuyu hufunguka magharibi, si asubuhi. Tunabeba mkeka, chai na mihogo ya kukaanga, tunakaa chini ya mbuyu mmoja karibu na nyumbani kuanzia saa kumi na mbili. Unachagua tumba la ua lililovimba na kulikazia macho. Mara linapasuka, petali nyeupe zinajikunja nyuma, na harufu inatoka ambayo mwanangu ameifananisha na soksi. Popo wanaipenda. Wanakuja giza likiingia, na mdogo akishawaona huwa anataka kurudi nyumbani. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda shule, wanakimbia kuokota maua yaliyoanguka, tayari yameanza kuwa ya kahawia. Mwaka jana yalikuwa kumi na saba. Waliyapanga dirishani kwangu, na chumba kikanuka soksi mpaka Jumapili.