Je, Wajua Kwa Nini Bushi Mpya Hulituliza Gari Kuukuu Kuliko Springi Ngumu?

Mwenye gari lililokwisha kutembea miaka 15 au 20 huanza kulishuku siku anapokata kona kwa mwendo wa kawaida, bodi ikalala upande kupita kiasi, usukani ukachelewa kuitika, na sehemu ya nyuma ikawa kama ina mawazo yake yenyewe. Jambo la kwanza linalomjia akilini ni kununua springi fupi na ngumu, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwa macho na ndizo zinazosifiwa zaidi. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha inafaa ajiulize kama gari hilo lilikuwa likiyumba vivyo hivyo lilipotoka kiwandani. Kwa kawaida halikuwa hivyo, na springi zake za chuma bado zinafanya kazi karibu kama zamani. Kilichopotea katika miaka hiyo ni mpira wa viungo na oili ya ndani ya shokapu, na mwenye bajeti ndogo anapaswa kuanza kurudisha hivyo viwili.

Tuanze na mpira. Kila mkono wa sasipensheni (mfumo unaolibeba gari juu ya magurudumu) unaounganisha gurudumu na chasisi umefungwa kwa bushi, yaani kipande cha mpira kilichobanwa kati ya vyuma viwili, ambacho huuruhusu mkono kupanda na kushuka lakini huuzuia kusogea mbele, nyuma au kando. Joto, hewa na oili inayodondoka huuchosha mpira huo hadi unapasuka na kulegea. Bushi iliyolegea milimita chache tu hutosha kuligeuza gurudumu bila dereva kugusa usukani: anapofunga breki gurudumu huvutwa nyuma, anapokata kona husukumwa ndani, na kila mara uelekeo wa tairi hubadilika kidogo. Dereva hulazimika kurekebisha usukani mara kwa mara bila kujua kwamba anapambana na mpira uliokufa. Boljointi (kiungo cha tufe kinachoshikanisha gurudumu na mkono) na ncha za tairodi (fito inayoligeuza gurudumu usukani unapozungushwa) zilizolika huleta dosari ya namna hiyo hiyo, tena zenyewe ni za hatari zaidi, kwa kuwa boljointi ikichomoka gurudumu hulala na gari halishikiki tena. Kwa hiyo hizo hukaguliwa kwanza, na iliyolegea hubadilishwa bila kungoja.

Kuna kosa moja katika kazi hii ambalo huniumiza kila ninapoliona, kwa sababu huharibu spea mpya bila mwenye gari kujua. Bushi nyingi za mpira zimegandishwa kwenye vyuma vyake vya ndani na nje, kwa hiyo hazizunguki. Zinajipinda tu kama kamba, kisha zinarudi. Fundi akilipandisha gari kwa jeki, akafunga bushi mpya na kukaza bolti huku gurudumu likining'inia, mpira huo hukazwa ukiwa katika hali ya gurudumu lililoshuka. Gari linaposhushwa chini, bushi inabaki imepindika muda wote hata likiwa limeegeshwa, na huchanika mapema sana. Njia sahihi ni kuzifunga bolti kwa kulegea kwanza, kuliacha gari libebe uzito wake juu ya magurudumu au kuuinua mkono kwa jeki hadi kimo cha kawaida, na hapo ndipo kukaza kabisa. Hatua hii huongeza dakika chache tu.

Wapo wanaopendekeza bushi za poliurethani, ambazo ni ngumu kuliko za mpira. Zina faida ya kweli katika kubana mwendo usiotakiwa, lakini hupitisha mtetemo mwingi ndani ya gari, nyingine hulia zisipopakwa grisi, na hazifai mahali ambapo mkono unahitaji kujipinda pande kadhaa kwa pamoja. Kwa gari la matumizi ya kila siku, mpira mpya wenye ubora ni chaguo la busara zaidi.

Sasa oili. Watu wengi huamini kwamba shokapu ndiyo inayobeba gari, kumbe mzigo hubebwa na springi, nayo shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuchezacheza. Ndani yake pistoni huilazimisha oili kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mtikiso hugeuka joto linalopotea hewani. Sili zikichoka oili huvuja, vali zikilika hupita kirahisi mno, na gurudumu huanza kurukaruka. Tairi lililo hewani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, halipindi wala halifungi breki. Desturi ya kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linavyopanda na kushuka husaidia kugundua shokapu iliyokwisha kabisa, lakini haiwezi kusema zaidi ya hapo, kwa kuwa bodi hucheza karibu mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, ilhali gurudumu linaweza kucheza mara 10 au zaidi. Dalili nzuri zaidi ni oili iliyolowa juu ya shokapu na tairi lililolika kwa mabonde mabonde. Shokapu hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, yaani za mbele pamoja au za nyuma pamoja, maana upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine laini gari huvuta ovyo.

Tairi nalo hupuuzwa kwa sababu watu hulitenga na sasipensheni, ingawa ndilo pekee linalogusa barabara, tena kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Tairi lenye kashata nzuri, yaani meno yake yanayogusa barabara, linaweza kuwa limezeeka na kukakamaa. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne zinazoeleza lilipotengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo usiotosha huulegeza ubavu wa tairi na kuufanya usukani uchelewe, na kurekebisha hilo hakugharimu chochote zaidi ya kusoma kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva na kukifuata.

Baada ya hayo ndipo springi ngumu zizungumziwe, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani ya kona kwenda ya nje hutegemea hasa kasi ya kukata kona, kimo cha kitovu cha uzito na upana kati ya magurudumu. Springi ngumu hupunguza kulala kwa bodi, lakini uzito unaohama kwa jumla hubaki karibu ule ule. Zaidi ya hayo, springi ngumu huhitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kuituliza, kwa hiyo kuifunga juu ya shokapu iliyochoka ni kuzidisha ugonjwa. Kulishusha gari mno nako kuna gharama yake: mikono ya chini huinama vibaya, nafasi ya springi kujikunja huisha, na sasipensheni hugonga vizuizi vyake vya mpira katikati ya kona, mahali ambapo mshtuko wa ghafla hauhitajiki kabisa. Kuhusu kukata springi, koili zikipungua kutoka 6 hadi 5 springi huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, lakini mwisho wake haukai tena vizuri kwenye kikalio. Na kuipasha moto ili ilale huua ugumu wa chuma. Siwezi kumshauri mtu yeyote kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Mwenye kutaka hatua moja mbele, baada ya kurudisha yaliyochakaa, atazame stabilaiza, ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili bodi isilale. Ugumu wa fito hiyo hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo fito isiyo na uwazi ndani, ya milimita 22, ni ngumu kuliko ya milimita 20 kwa takribani asilimia 46. Aghalabu toleo zito zaidi au la michezo la gari lile lile lina stabilaiza nene inayoingia bila kubadilisha kitu kingine isipokuwa bushi zake, na kwa kuwa ni chuma kitupu inaweza kununuliwa ikiwa spea ya mtumba, jambo ambalo nisingelipendekeza kwa shokapu wala bushi. Tahadhari ni kwamba ekseli iliyokazwa zaidi ndiyo inayopoteza mshiko mapema. Stabilaiza nene ya mbele hulifanya gari lisukumwe nje ya kona. Ya nyuma huliwezesha kugeuka kwa wepesi, lakini ikizidi, nyuma huteleza ghafla, hasa kwenye lami iliyolowa. Inafaa kupanda hatua moja tu na kuendesha siku kadhaa kabla ya kuongeza.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha uelekeo wa magurudumu, huja mwisho, kwa sababu kila bushi na kila shokapu inayobadilishwa huweza kuusogeza uelekeo wa magurudumu. Aliyeipima kabla ya kazi kuisha atalazimika kuilipia tena. Anapoipeleka gari, aombe apewe vipimo vilivyochapishwa, vya kabla na vya baada, na atazame kama kulia na kushoto vinalingana. Tofauti inayokataa kurekebishika huonyesha kwamba kuna mkono uliopinda au bushi iliyosahauliwa, na hapo ndipo pa kurudi na tochi chini ya gari.