Mdogo wangu na breki aliyoambiwa asiiguse

Mwaka 2022, Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, mdogo wangu alikuwa mmoja wa waliofurahia kwa mdomo huku tumbo likimuuma. Yuko Mvomero, upande wa Turiani, wakulima wake wa mpunga wametawanyika kila kona, na hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote kilicho na injini. Akanipigia: "Kaka, njoo unifundishe kabla sijaua mtu."

Mimi ndiyo kazi yangu. Nafundisha pikipiki hapa Morogoro mjini mwaka wa 11 sasa. Lakini kumfundisha mgeni na kumfundisha mtoto niliyembeba mgongoni ni vitu viwili. Mgeni akiyumba, namwambia la kufanya. Huyu akiyumba, mkono wangu ulikuwa unakimbilia usukani wenyewe. Mara ya pili nusura tuanguke wote, kwa sababu ukimshikia mtu usukani pikipiki ikitembea, unamnyang'anya kitu kinachomfanya asianguke. Nikaenda kusimama hatua 20 mbali, mikono mfukoni.

Kwanza tulimtafutia leseni ya kujifunzia, na bango la L likafungwa nyuma. Hilo nalipita haraka, ila wengi hulipuuza, kisha wakigongana na mtu barabarani ndipo wanakumbuka.

Siku ya kwanza hatukuwasha injini. Alisukuma pikipiki kuzunguka uwanja wa mpira, akiigeuza kulia na kushoto, akiilaza kidogo hadi asikie pale inapoanza kumzidi nguvu. "Nimekuja kujifunza kuendesha au kusukuma?" Sukuma tu, mama. Anayeujua uzito wa pikipiki ikiwa imezimwa hashtuki ikimlemea kwenye foleni. Siku hiyohiyo alijifunza kupandisha stendi ya pembeni kabla ya kitu kingine chochote. Ukiisahau chini kisha ukakata kona ya kushoto, inachimba ardhi na kukunyanyua.

Siku ya pili ilikuwa ya klachi peke yake, kile kishikio cha mkono wa kushoto. Gia namba moja, achia taratibu mpaka usikie inashika, bana tena. Achia, bana, asubuhi nzima, pikipiki ikisogea hatua mbili na kusimama. Nina sababu. Ajali ya mwanafunzi mpya karibu kila mara ni ileile: pikipiki inaruka mbele, mwili unabaki nyuma, mkono wa kulia unaning'inia kwenye kishikio cha mafuta na kukizungusha zaidi, na ukuta unakuja. Akili haina muda wa kufikiri hapo. Mkono wa kushoto ukiwa umeshazoea kubana klachi, nguvu ya injini inakatika na inabaki kazi ya breki tu. Nilimwambia sentensi moja mpaka akachoka nayo: ukichanganyikiwa, bana klachi.

Tukaja kwenye breki, na hapa ndipo tulipogombana. Kijiweni kwao vijana wa bodaboda walishamfundisha: "Dada, ya mbele usiiguse, itakurusha." Ushauri huu nimeusikia kila mwaka, na umepeleka watu wengi chini ya malori. Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa ardhini na kushika vizuri. La nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuserereka. Kwa hiyo kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya kusimama inatoka mbele. Anayetegemea breki ya mguu tu, yaani ya nyuma, anatumia ile dhaifu.

Kinachorusha watu ni kuishika kwa pupa, hasa usukani ukiwa umekatwa au kwenye changarawe. Basi nikampa ndimu. Kweli, ndimu. "Ikamue." Akakamua: vidole vinaanza polepole, kisha vinakaza. "Hivyo hivyo kwenye breki. Si kama unaua mbu." Usukani umenyooka, mguu na mkono pamoja, na kwenye vumbi mkono unakuwa mwepesi zaidi.

Kisha tukapanga mawe. Akaja na mwendo wa 20, akafunga breki kwenye jiwe la kwanza, akasimama baada ya hatua nne hivi. Akaja na 40. Alitarajia hatua nane. Zilikuwa kama 16. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimamia inazidi mara nne, na hapo hujahesabu muda wa kushtuka. Kwa 60 kwa saa, sekunde moja ya kushangaa imekula karibu mita 17 kabla kidole hakijagusa breki. Alirudi kuyatazama mawe yale, akakaa kimya. Miaka yote nawaeleza watu hesabu hii kwa mdomo. Mawe yamenisaidia kuliko mdomo.

Helmeti hatukuijadili sana. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikuta inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ile isiyofungwa mkanda chini ya kidevu huondoka kichwani kabla yako. Nilimfungia, nikaivuta kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikachomoka. Tukarudi dukani kutafuta ndogo zaidi.

Barabarani nilimfuata kwa nyuma na pikipiki yangu. Kosa lake lilikuwa macho: akiona shimo analikazia, na tairi linakwenda palepale macho yalipo. "Tazama njia, shimo utaliona pembeni." Malori ya miwa yalimtisha, na nikamwacha atishike. Lori la trela likikupita linakusukuma kwa upepo, kisha linakuvuta. Shika usukani bila kukakamaa, punguza mafuta kidogo, usihame ghafla. Abiria nilimkatalia kwa miezi mitatu, hata mama yetu.

Mvua ya kwanza tuliipisha chini ya mwembe. Dakika zile za mwanzo, mafuta na vumbi la siku nyingi hugeuka sabuni juu ya lami. Ikinyesha ya kutosha, barabara inaoshwa kidogo.

Kilichobaki ni tope. Masika yakianza, njia zake za mashambani zinakuwa uji, na lami ya mjini haijanifundisha mengi kuhusu uji. Ameshaniambia nije na buti, kwa sababu safari hii yeye ndiye atakayetangulia.