Wapenzi wa jinsia moja hawakulivunja jeshi la Uingereza

Wengi bado wanaamini kwamba jeshi likiwapokea wapenzi wa jinsia moja, nidhamu huporomoka. Uingereza nayo iliamini hivyo, ikawafukuza hadi Januari 2000. Wachunguzi wa jeshi waliwahoji mpaka mambo ya chumbani. Wapo waliovuliwa hata nishani za utumishi. Ukatili mtupu! Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikataa hoja ya nidhamu: chuki ya askari wenzao haitoshi kuwafukuza, na jeshi hilohilo lilikwisha kuwapokea wanawake na watu wa rangi nyingine kwa kuweka kanuni za mwenendo. Marufuku ikaondolewa. Wimbi la kujiuzulu lililohofiwa halikutokea. Serikali ilichelewa mno kuwaomba radhi bungeni, kupitia Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak: Julai 2023.