Meza kung'aa haiseme maji haiwezi ingia

Hapa Goma mtu akitengenezesha meza yake ya zamani anaambia seremala "niwekee verni yenye inang'aa sana, maji isiingie", kumbe kung'aa na kuzuia maji ni mambo mbili tofauti kabisa. Gomalaki, aina moja ya verni, inang'aa kama kioo lakini weka kopo ya chai ya moto juu yake, ukiitosha unaweza kuta duara nyeupe, na bia ikimwangika ndo mbaya zaidi juu pombe inaiyeyusha. Omba poliuretani, verni ingine, hata ile haing'ae inakinga vizuri, paka kushi tatu, katikati unapitisha msasa laini. Zile ncha zenye msumeno ulikata, paka mingi, ndo kwenye mbao inakunywa maji. Na mafuta ya ngazi (mawese)? Wacha, haikaukake.