Uti wa Jani na Mikono Iliyounyofoa

Mtu anayeshika jani la tumbaku lililokaushwa kwa mara ya kwanza huvutiwa na rangi na harufu yake, lakini sisi tuliofanya kazi ya uteuzi, yaani kupanga tumbaku kwa madaraja, macho yetu hukimbilia uti, yaani ule mshipa mnene unaopita katikati ya jani kutoka kikonyoni hadi nchani. Uti huchukua takriban robo ya uzito wa jani, hubaki na unyevu wakati sehemu laini imekwisha kukauka, na kijiti chake kikiingia kwenye sigara hutoboa karatasi. Ndiyo maana jani na uti ni lazima vitenganishwe mapema, kabla tumbaku haijakatwakatwa. Siku hizi mashine hulipiga jani hadi likavunjika vipande, kisha hewa huviinua vipande vyepesi na kuviacha vijiti vizito vianguke. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mikono. Nitaieleza kwa mfano wa kusini mwa Marekani, ambako mikono hiyo ilikuwa ya watu weusi, na kwa sehemu kubwa ya wanawake.

Nitaiita kazi hiyo kuchambua, kama tunavyosema kuchambua pamba, kwa sababu maana ni ileile ya kutenga kinachotakiwa na kisichotakiwa.

Mizizi yake ni ya utumwa. Katika viwanda vya Richmond, Virginia, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, wafanyakazi wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na wamiliki wao kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kila mmoja aliwekewa kiasi cha kazi cha siku, na aliyevuka kiasi hicho alipewa fedha kidogo. Utumwa ulipofutwa, mgawanyo wa kazi kwa rangi uliendelea: mashine za kutengeneza na kufunga sigara zilipokuja zilikabidhiwa wafanyakazi weupe, huku shughuli zote zilizotangulia, zenye vumbi, mvuke na uzito, zikiachiwa weusi.

Safari ya jani ilianzia mnadani. Katika miji kama Winston-Salem, North Carolina, mkulima alileta tumbaku yake ikiwa haijafungwa marobota kama tunavyofanya Tabora au Urambo, bali imerundikwa juu ya vikapu bapa vilivyopangwa safu kwa safu chini ya paa lenye madirisha ya kuingizia mwanga, kwa kuwa rangi ya jani haisomeki vizuri isipokuwa kwa nuru ya jua. Dalali alitembea akiimba bei, wanunuzi wakimfuata upande wa pili wa safu, na rundo moja liliuzwa kwa sekunde chache. Kutoka hapo tumbaku ilikaushwa upya ili unyevu wake ulingane, ikashindiliwa ndani ya mapipa makubwa ya mbao yenye uzito wa takriban kilo 450, na wanaume wakayaviringisha hadi kwenye maghala. Humo ililala miaka miwili hivi ikichacha polepole kadiri misimu ilivyobadilika, mpaka ukali wake ukapungua.

Pipa lilipofunguliwa, jani lilikuwa kavu kiasi cha kupukutika kama maganda ya vitunguu, na kwa hiyo lililainishwa kwanza kwa mvuke. Katika vyumba vya kuchambulia madirisha yalifungwa ili hewa ya nje isilikaushe tena, na joto likabaki ndani pamoja na vumbi na harufu inayopanda kichwani. Mchambuzi alilikunja jani, akaukamata uti karibu na ncha, kisha akauvuta kuelekea kikonyoni kwa mkono mmoja huku mwingine ukizuia nusu mbili za jani zisichanike. Nimewahi kujaribu kwa majani yaliyolainishwa: ukivuta kwa nguvu jani linachanika, ukivuta taratibu uti unakatika katikati. Wanawake wale walirudia tendo hilo maelfu ya mara kwa siku, na walilipwa kwa uzito wa kazi waliyoimaliza. Kuiita kazi hiyo isiyo na ujuzi, kama waajiri walivyoiita, ilikuwa njia ya kuhalalisha ujira mdogo.

Jambo ambalo waajiri hawakulipenda ni kwamba chumba hicho kilikuwa koo la kiwanda kizima. Ghala linaweza kuwa na tumbaku ya miaka miwili, na mashine za sigara zikawa za kasi kuliko zote, lakini kila jani lilipaswa kupita kwa wachambuzi. Wachambuzi wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1937 wale wa Richmond waligoma, wakasaidiwa na Southern Negro Youth Congress, jumuiya ya vijana weusi wa kusini, na wakapata nyongeza ya mshahara.

Tukio kubwa zaidi lilitokea Winston-Salem, katika viwanda vya R.J. Reynolds, watengenezaji wa sigara za Camel. Wakati huo wanawake hawakuvuta tena uti kwa vidole, bali waliyalisha majani kwenye mashine za kuchambua, na kasi ya mashine ikawa ndiyo msimamizi. Tarehe 17 Juni 1943, katika Kiwanda namba 65, wanawake wakiwemo Theodosia Simpson walikubaliana kusimamisha kazi baada ya mwenzao mgonjwa kutishiwa kufukuzwa kwa kuchelewesha mzigo. Siku hiyohiyo James McCardell, mfanyakazi mwenzao, alianguka na kufa humo humo kiwandani. Wanawake wakazigeuzia mashine migongo. Mgomo ulienea kutoka jengo moja hadi jingine, maelfu wakaacha kazi, na mwaka 1944 chama chao, kilichojulikana kama Local 22, kikapata mkataba wake wa kwanza na kampuni.

Kutoka humo alitokea Moranda Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa tumbaku na baadaye akawa mkurugenzi wa kanda ya kusini wa FTA, chama cha taifa cha wafanyakazi wa chakula, tumbaku na kilimo, ambacho Local 22 ilikuwa tawi lake, katika wakati ambapo mwanamke mweusi hakutarajiwa kuongoza hata mkutano wa wafanyakazi weusi na weupe kwa pamoja. Alifariki mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 34.

Mgomo wa pili, wa 1947, ulidumu siku 38. Mwaka huohuo sheria mpya ya kazi iliwataka viongozi wa vyama kuapa kwamba si wakomunisti, na viongozi wa FTA walikataa kwa muda mrefu, jambo lililokinyima chama ulinzi wa serikali. Kampuni nayo iliongeza mashine katika vyumba vya kuchambulia, mahali palepale ambapo chama kilikuwa na nguvu, na nafasi za wanawake zikapungua. Mwaka 1950 Local 22 ilishindwa katika kura ya kuwawakilisha wafanyakazi.

Katika muongo huohuo wa 1950, viwanda vya sigara, Reynolds kikiwemo, vilianza kusaga uti na mabaki mengine na kuyafanya karatasi nyembamba ya tumbaku, ambayo ilikatwa na kuchanganywa na jani. Kile ambacho wanawake wale walilipwa senti chache kukitoa, kikarudishwa ndani ya sigara.