Kupanda Meru: watu huogopa simba, nyati yuko kichakani

Anayejiandaa kupanda Mlima Meru kwa mara ya kwanza huuliza habari za baridi na za simba. Baridi ipo, tena ya kutosha. Simba hawaishi Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwa hiyo huyo mwondoe kwenye orodha, uwaze waliopo.

"Wanyama wako mbugani, mlimani ni mawe tu." Dhana hii ndiyo inayoponza watu. Njia inaanzia lango la Momella, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hata jasho halijakutoka unakatiza uwanda wenye nyati, twiga na ngiri. Msitu wa kuelekea Miriakamba, unakolala usiku wa kwanza, una pongo, mbega, kima na mara nyingine tembo. Chui naye yumo, ila kumwona ni bahati. Na si misituni tu. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alikuta mzoga wa chui ulioganda karibu na kilele cha Kibo, kule Kilimanjaro, na mwaka 1962 Wilfred Thesiger na wenzake waliona mbwa mwitu juu ya mlima huohuo. Walifuata nini kwenye barafu? Wanajua wenyewe.

"Askari amebeba bunduki ili aue mnyama." Ni kweli kwamba Meru hupandi bila askari wa hifadhi mwenye silaha, lakini anachotumia kutwa nzima ni macho na masikio. Akikuta kinyesi cha nyati kibichi, bado kinang'aa, anainua mkono na msafara wote unasimama. Anasikiliza. Akiwa na shaka anapiga makofi au anapaza sauti, mnyama ajue kuna watu na ajiondokee. Bunduki ikibidi kulia, kwa kawaida hulia hewani kwanza. Sasa wewe unayemtangulia ili upate picha nzuri, sijui unategemea nini.

"Nyati ni wa kuogopwa wakiwa kundi." Hapana, mara nyingi ni kinyume chake. Kundi lililoko uwandani linakuona mapema, linakukodolea macho, kisha linatimka. Wa kuchunga ni dume mzee aliyejitenga, aliyejilaza kichakani au kwenye tope kando ya njia. Huyo ukimshtukiza kwa karibu anaona hana pa kutokea isipokuwa kupitia kwako, na ana uzito wa mamia ya kilo na mbio za zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Kama hajakuona, rudi nyuma taratibu. Akishakuja, panda mti au jibanze nyuma ya shina nene. Kwa chui mti hausaidii, maana huko juu ni kwake. Na ukikimbia umejigeuza windo. Simama wima, mwelekee, rudi nyuma bila kumpa mgongo.

"Kinacholia usiku ni chui, au jini." Hapa hata wanaume wazima huvuta begi la kulalia hadi kichwani. Sauti inaanza kwa mkwaruzo, kama bawaba za mlango zisizo na mafuta, halafu inapanda hatua kwa hatua mpaka inakuwa mayowe ya mtu anayekabwa, kisha kimya. Dakika chache baadaye mwingine anajibu kutoka ng'ambo ya korongo. Ni perere, ndugu wa pimbi, mwenye kilo mbili au tatu tu, anayeshinda kwenye tundu la mti. Dume ndiye anayetangaza kwamba eneo hilo lina mwenyewe. Hali nyama, wala hana habari na wewe.

Kumrushia kima au kunguru kipande cha mkate hakumfanyi rafiki. Kunamfundisha kwamba begi ni chakula, na atakayelipa ni mgeni wa kesho.

Halafu kuna siafu, ambao hakuna anayewaulizia. Mvua ikinyesha wanakatiza njia ya msituni kwa mstari mweusi, na wewe umesimama juu yao ukimtafuta tembo kwa darubini. Ingiza suruali ndani ya soksi, tazama chini kabla hujasimama. Wakishapanda mguuni, ondoka kwanza kwenye mstari wao, halafu ndipo uvue na kuwang'oa mmojammoja; aibu iache baadaye.