Je, Wajua kwa Nini Gari Linaweza Kuongeza Mwendo Lenyewe Katikati ya Foleni?

Dereva anayetoka Morogoro kwenda Dodoma hupita Gairo, Kibaigwa na Chamwino, na gari lake likiwa na kruzi kontroli ya rada, yaani mfumo unaoshikilia mwendo uliopangwa na kupunguza wenyewe ukiona gari mbele, si ajabu akaipangia kilomita 80 au 100 kwa saa na kuupumzisha mguu wake wa kulia. Akifika Ihumwa hukanyaga breki, mfumo ukaachia, naye akaendelea mwenyewe kuelekea mjini. Muda mfupi baadaye, akizunguka kipilefti kwa mwendo wa kilomita 10, gari linavuta bila yeye kukanyaga mafuta. Akilipeleka kwa fundi, huenda ubovu usionekane kwa sababu haupo: gari limetii amri ambayo dereva hakujua kwamba ameitoa.

Kruzi kontroli za zamani zilikuwa na kinga dhidi ya jambo hili. Tangu Chrysler ilipoitumia kwenye gari lake la Imperial mwaka 1958, kazi ya kifaa hicho ilikuwa kushikilia mwendo wa barabara kuu, na magari mengi yaliyofuata yaliikataa amri ya kuiwasha yakiwa chini ya kilomita 40 kwa saa au karibu na hapo. Hata Mercedes-Benz ilipoleta mfumo wake wa rada mwishoni mwa miaka ya 1990, haukuwa wa foleni. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilitoa toleo linaloweza kulifuata gari la mbele hadi kusimama kabisa, na leo uwezo huo umeenea kwa watengenezaji wengi. Foleni ikawa nyepesi kwa dereva, lakini kile kizuizi cha mwendo mdogo kikaondoka.

Kuondoka kwake kuna uzito kwa sababu ya mikono. Kwenye barabara iliyonyooka mikono hutulia, na vidole havina sababu ya kugusa vitufe vya mfumo huo vilivyo kwenye usukani. Kwenye kipilefti, au mtu anapogeuza gari sokoni, usukani huzungushwa nusu duara na zaidi, mikono hupishana, na kiganja hupita juu ya vitufe hivyo hivyo. Kwa maneno mengine, uwezekano wa kugusa kwa bahati mbaya huongezeka mahali ambapo watembea kwa miguu, bajaji na bodaboda wako karibu zaidi na bampa. Vitufe vya kugusa, visivyobonyea, vilizidisha tatizo. Volkswagen, iliyoviweka kwenye usukani wa baadhi ya magari yake, ikiwemo Golf ya kizazi cha nane, ilitangaza mwaka 2022 kwamba ingerudi kwenye vitufe vya kubonyeza, na kwa maoni yangu haikupaswa kuviacha.

Kinachofuata baada ya mguso hutegemea kitufe kilichoguswa. Kitufe cha kupanga mwendo, kikiguswa gari likienda kilomita 10, katika mifumo mingi hakipangi 10 bali kiwango cha chini kinachokubaliwa, ambacho mara nyingi ni kilomita 30. Kitufe chenye alama ya RES ni hatari zaidi, kwa kuwa hurudisha namba iliyohifadhiwa: ile 100 ya huko Kibaigwa, ndani ya mji ambamo sheria inaruhusu 50.

Mtu anaweza kuuliza rada inafanya nini wakati huo. Rada humulika mbele kama tochi, na mwanga wake hauendi pembeni sana. Gari lililotangulia likishakata kona ndani ya kipilefti, hutoka kwenye eneo hilo, na mfumo huamini kwamba njia ni nyeupe. Isitoshe, mifumo mingi, hasa ya awali, hupuuza vitu ambavyo havikuonekana vikitembea, kwa sababu kingo za daraja na vibao vya barabarani navyo hurudisha mawimbi. Lori lililoegeshwa linaweza kuhesabiwa humo.

Tuchukue gari linaloongeza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, kiwango ambacho abiria angekiona cha kawaida barabarani. Kutoka kilomita 10, baada ya sekunde 2 tu litakuwa limepita kilomita 24 kwa saa na limesogea zaidi ya mita 9, huku dereva akiwa bado anajiuliza kama mguu wake umeteleza.

Kwa magari yaliyotumika Japani, ambayo ni mengi Dodoma, kuna ugumu wa ziada: ujumbe wa dashibodi na kitabu cha maelekezo mara nyingi ni vya Kijapani. Hapo picha ndiyo ya kuangaliwa, yaani alama ya kipima mwendo chenye mshale. Katika magari mengi, ikiwa nyeupe au kijivu mfumo unasubiri amri. Ikiwa ya kijani unaendesha.

Breki huukatisha mara moja, na ndilo jambo la kwanza la kufanya gari likivuta. Lakini breki haizimi mfumo wala haifuti namba iliyohifadhiwa. Inauacha ukisubiri tu, na mguso mwingine utauamsha tena. Kitufe kikuu ndicho kinachouzima, na mahali pa kukibonyeza ni Ihumwa, kabla ya kipilefti cha kwanza.